Pipa Lililovaa Buibui

To. Kimya kidogo. To. Halafu kimya kirefu zaidi, mpaka unaanza kudhani limekwisha, kumbe linakuja: to. Hiyo ndiyo sauti niliyokua nayo. Wenzangu wa rika langu waliolelewa Pumwani ukiwauliza watakutajia firimbi ya gari la moshi, au buti za askari vichochoroni alfajiri, au wamama wakigombania zamu ya mfereji. Mimi hayo yote niliyasikia pia. Lakini nikifumba macho, ninalolisikia ni tone la maji likitoka kwenye pipa na kuanguka birikani mwa Bi Rehema, na samaki wakigeuka wote pamoja kulitazama.

Juzi lilinirudia bila hodi. Nilikuwa kwa muuza viazi, mvua imemnyeshea magunia yake, na alipoyaburuta kuyaanika ile harufu ikanipanda puani: gunia bichi, harufu ya udongo na ya mkate uliolala. Nikasimama pale na kikapu changu, sisogei. Muuza viazi akaniuliza, "Mama, unataka viazi ama unataka magunia?" Nikacheka. Yeye nisingeweza kumweleza, ana wateja wake. Nawaeleza ninyi.

Bi Rehema alikuwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Watoto wa mtaa mzima tulikaa kwenye mikeka uani kwake, tukiyumba na juzuu zetu, kila mmoja akisoma mahali pake kwa sauti yake, na yeye katikati ya makelele yale akisikia nani amekosea. Nyumba yake ilikuwa kama nyumba zetu zote za Majengo, hapo hapo Pumwani: kuta za udongo, paa la madebe yaliyonyooshwa, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Ila katika pembe ya ua wake kulikuwa na kitu ambacho nyumba nyingine haikuwa nacho. Kulikuwa na birika la saruji la kutawadhia, na ndani ya birika samaki.

Walikuwa samaki wadogo wa kijivu, hawafiki urefu wa kidole, wala hukuweza kusema ni wazuri mpaka jua liwapate ubavuni. Aliyewaleta ni ndugu yake Bi Rehema, marehemu Salim, aliyekuwa mtu wa reli. Aliwatoa pwani kwenye chupa ya achari, akaipakata safari nzima kwenye gari la moshi kama mtu aliyepakata mwana. Kwao, Bi Rehema alitwambia, hakuna anayejenga birika la msikiti asitie samaki. Samaki hula viluwiluwi, mbu asizae, na ukiwaona wanacheza unajua maji ni mazima. Salim alipofariki hakuacha mke wala mtoto. Aliacha samaki, na dada wa kuwatunza.

Aliacha na lile pipa. Maji ya Pumwani yalikuwa ya kubeba kichwani kutoka mferejini, na mtu hamwagi ovyo kitu alichobeba kichwani. Basi Salim alichukua pipa la chuma, akalipandisha juu ya mawe kando ya birika, akalijaza ndani kokoto, na mchanga, na makaa, na makumbi ya nazi juu yake. Kila mtoto akifika chuoni, kabla hata ya kumwamkia mwalimu, alichota kata moja ya maji ya birika akaimimina juu ya pipa. Yale maji yalishuka polepole humo ndani, hakuna ajuaye yanapita wapi, yakatokea chini kwenye kibomba, tone baada ya tone, yamesafika, yakarudi kwa samaki.

"Mtazameni huyu," Bi Rehema alikuwa akisema, akilipiga pipa kofi la mapenzi. "Anakunywa maji machafu anatoa masafi. Ninyi nawapa masafi, mnanitolea nini?"

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Shule yangu haikufika mbali, lakini maswali nilikuwa nayo ya kutosha darasa zima, na Bi Rehema aliniita Bi Maswali. Nilimwuliza kama samaki wanajua kwamba wako Nairobi. Nilimwuliza kama pipa nalo likilala linaota. Alinitazama muda, akasema, "Soma juzuu yako, Bi Maswali."

Miaka yote mpapai mmoja mkubwa ulilitilia pipa kivuli. Mvua za mwisho wa mwaka zikalainisha udongo, mpapai ukalala chali, tukala mapapai mabichi kwa siku nyingi, wala hatukufikiri. Kisha likaja joto la Januari. Mnalijua lile joto la Eastlands, vumbi jekundu, mabati yanalia, na mfereji unatoa kohozi badala ya maji. Jua lililipiga pipa toka asubuhi mpaka alasiri. Ukiligusa unaruka. Matone yakawa yanatoka vuguvugu, tena yana harufu, harufu ya chombo kilichosahauliwa kikiwa na uji ndani. Samaki wakawa hawachezi. Walisimama juu kabisa ya maji, midomo nje, wakifungua na kufunga kama watoto wa chuo walioambiwa wasome kimyakimya.

Mmoja akafa. Bi Rehema alimzika karibu na kisiki cha mpapai, na nilimwona akijifuta uso kwa upindo wa leso.

Siku ile ile alitoa sandukuni buibui lake la zamani, lile zito la kufunga kwa ukaya kichwani, akalivika pipa. Alilivika vizuri, akalizungusha, akalifunga kiunoni kwa kamba, akaacha mdomo wazi wa kumiminia maji. Wallahi ungelipita jioni ungelitolea salamu. Mantiki yake ilikuwa wazi na sote tulikubali. Chakula hufunikwa, msahafu hufunikwa, mwanamke mwenye heshima hujifunika. Na kitu cha marehemu Salim kifunikwe kwa nguo bora kuliko zote alizokuwa nazo.

Na samaki wakazidi kuhema. Akafa wa pili.

"Ijumaa nimemwita fundi," Bi Rehema alituambia baada ya somo, sauti yake ya kawaida kabisa, kama anayetangaza mwandamo wa mwezi. "Analifukia birika. Nitapanda mchicha. Waliobaki atawachukua anayewataka, awatie popote. Mimi siwezi kumzika Salim mara kila wiki."

Zena, msichana mkubwa aliyekaa jirani yetu na ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alininong'oneza, "Bi Maswali, leo huna swali?"

Nilikuwa nalo. Ila halikuwa la kuuliza pale.

Lazima sasa niwaambie habari za barafu. Baba yangu aliuza sharubati karibu na soko, ya ukwaju na ya ndimu, na kila asubuhi alikwenda mjini kununua bonge la barafu. Alilileta kwenye mkokoteni, akalilaza kwenye kasha, akalizika kwa maranda ya seremala na kulifunika magunia juu yake. Nilipokuwa mdogo zaidi nilimwuliza, "Baba, mbona barafu inafunikwa?"

"Wewe ukilala hufunikwi?"

"Mimi nasikia baridi."

"Haya. Na yeye mwenye baridi yake mwenyewe atasikiaje?"

Alikuwa akinichezea, lakini mimi sikujua. Nilikwenda nikailaza mikono juu ya gunia, nikaihurumia barafu. Nikaamini hivyo miaka: barafu hufunikwa kwa sababu inasikia baridi. Na mtu mwenye homa hufunikwa blanketi atoke jasho. Kwa hiyo kufunika ni kutia joto, nani hajui? Ndiyo sababu Bi Rehema alipolivika pipa buibui, mimi nilijisemea moyoni, hili pipa tayari lina homa, mbona analifunika? Lakini kabla halijafunikwa lilikuwa na homa vilevile. Hapo ndipo mawazo yangu yalipoziba, kama mfereji wetu.

Yakazibuka jioni ile, kwa bahati. Baba alirudi amechoka akasahau kurudishia gunia pembe moja ya kasha. Alipokuja kutazama, pembe ile ya bonge ilikuwa imeliwa, imekuwa shimo la maji, na penye gunia barafu ilikuwa nzima na ncha zake.

"Baba," nikasema, "kama gunia linaitia joto, mbona penye gunia ndipo haikuyeyuka?"

Baba alinitazama, ndoo mkononi. Nadhani aligundua wakati ule ni mzaha gani alionilisha na kwa muda gani. Akachuchumaa.

"Sikiliza, mama. Gunia halina joto wala baridi. Gunia ni bawabu. Aliye ndani hatoki, aliye nje haingii. Ikiwa ndani mna homa, homa inabaki. Ikiwa ndani mna baridi, baridi inabaki."

"Na buibui?"

"Buibui limefanya nini?"

"Buibui nalo ni bawabu?"

"Hilo," Baba akasema, "kamwulize mwenye nalo."

Sikuweza kulala kwa raha. Nilikuwa na bawabu kichwani. Kesho yake nilimwomba Baba vipande viwili vya barafu vinavyolingana. Kimoja nikakifunga kwenye kaniki kuukuu ya mama, nyeusi kama masizi. Cha pili nikakizungushia maranda, nikakifunga kwenye kipande cha gunia nililolilowesha. Nikaviweka kizingitini, juani, nikakaa mbele yake na kidevu kwenye magoti. Zena akapita na ndoo yake.

"Leo unapika barafu?"

"Nangoja."

"Unangoja ziive?"

Lakini akaweka ndoo chini, akakaa. Zena alikuwa hivyo, anakucheka huku anakusogelea. Tukangoja pamoja. Kaniki ikaanza kuloa, ikaloa zaidi, kisha ikalala tambarare kizingitini, haina kitu ndani, maji yametambaa mpaka kwenye vidole vyetu. Nikafungua gunia. Mle kwenye maranda barafu ilikuwepo, imepungua kidogo tu, imejaa vumbi la mbao kama mandazi yaliyoviringishwa kwenye sukari. Niligusa kaniki iliyolowa, ilikuwa moto. Niligusa gunia, lilikuwa baridi kama tumbo la mtungi.

Zena naye akagusa. Akagusa tena. "Kwa hiyo lile buibui…"

"Linawachoma."

"Basi kamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie, shikamoo mwalimu, vua buibui." Akacheka mpaka akashika ndoo asianguke. "Bakora utakayokula, mpaka wajukuu zako watakaa upande."

Ilikuwa ya kuchekesha, ila haikuwa mzaha. Nimwambieje mwanamke kama yule, aliyetoa nguo yake ya heshima sandukuni, kwamba ndiyo inayowaua samaki wa nduguye? Niliogopa bakora, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa uso wake. Nikafikiri nikae kimya. Nikawaza Ijumaa, na fundi, na karai la udongo likimwagwa juu ya midomo ile inayofunguka na kufunga.

Nikabeba kipande changu cha barafu ndani ya gunia lake, nikaenda mbio, kinanidondokea kwenye kiwiko. Bi Rehema alikuwa uani peke yake akipeta mchele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Chuo ni alasiri, Bi Maswali, sasa ni saa ya watu kupika."

"Naomba mkono wako, mwalimu."

Alinyanyua uso. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini aliweka ungo chini, akanipa mkono. Nilimwongoza mpaka kwenye pipa nikaulaza juu ya buibui. Aliutoa haraka. Kisha nikaulaza juu ya gunia langu. Huko akauacha. Nikafungua maranda akaona barafu ndani, na jua liko utosini.

Tone likaanguka. Mimi nilikuwa nikitazama vidole vyangu vya miguu.

"Miaka yote hii," akasema mwishowe, polepole, "nikienda sokoni mchana narudi nimeiva kama muhogo. Mimi najua buibui lina joto. Mimi si ndiye ninayelivaa? Sikufikiri kwamba pipa nalo linalivaa." Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko cha tumboni ambacho hatukuwahi kumsikia nacho chuoni. "Maskini Salim. Nimempikia samaki wake wazima."

Alifungua kamba mwenyewe. Alilikunja buibui kwa adabu, akalirudisha sandukuni, akatoka amefunga leso kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

Jioni ile Baba alikuja na magunia na kapu la maranda. Walitafuta tenga kubwa la kuku lililokatika kitako, wakalivika pipa kwa juu, na ile nafasi kati ya tenga na chuma tukaishindilia maranda, mimi na Zena kwa mikono yetu, mpaka pua zetu zikawa za maseremala. Nje tukazungusha magunia, tukayashona kwa sindano ya magodoro. Baba alisimamisha miti minne na kutandika juu yake mabati ya debe, akayainua kidogo yasiguse pipa, upepo upite. "Bwana kivuli naye anataka kupumua," alisema. Bi Rehema alitoa amri: kila mtoto akija, kata moja kwenye pipa, kata ya pili kwenye gunia. Gunia bichi lilitoa jasho, na jasho likalipoza, kama mtungi unavyofanya ukumbini na hakuna aliyeufundisha.

Nawaambieni mapema msije mkahangaika: Ijumaa fundi alikuja. Alikuta Bi Rehema amekaa kwenye kigoda kando ya birika, anamsubiri. "Fundi," akamwambia, "udongo wako umwage pale penye kisiki, mchicha utapandwa pale. Kisha unipakie chokaa haya mabati, yanachoma macho." Fundi akatazama birika, akatazama pipa lililonenepa kwa magunia, akauliza kama kuna mtu ndani. Akapewa chai.

Lakini kabla ya Ijumaa kulikuwa na Alhamisi, na ya Alhamisi hakuna aliyeijua ila mimi.

Siku hiyo Bi Rehema alikuwa na msiba huko Kaloleni, akaondoka asubuhi, na chuo hakikusomwa. Mfereji ulifungwa toka alfajiri. Askari walikuwa wakipekua nyumba upande wa chini, na watu walikaa majumbani mpaka wakapita. Adhuhuri ilipotoka Baba akarudi kwenye sharubati yake, akanikatia kipande cha barafu changu mwenyewe cha kufyonza, kikubwa kama ngumi, kwa sababu nilikuwa nimekaa ndani kwa adabu. Nikatoka nacho. Nilikuwa na kiu ya siku nzima, na nilikusudia kukila kizima.

Miguu ikanipeleka kwa Bi Rehema. Mlango wa ua ulifungwa kwa kamba tu. Kule ndani palikuwa kimya kuliko nilivyowahi kupasikia, mikeka imekunjwa, jua limesimama. Magunia yalikuwa yamekauka, yamekuwa magumu kama kashata. Nililiendea pipa nikatega sikio kwenye kibomba. Hakuna kitu. Ndani ya birika samaki walikuwa chini, nikashukuru, lakini mmoja alikuwa amepanda juu, mdomo nje, na nilipokuwa nikimtazama akaja wa pili.

Nilichota kata ya birika nikaimimina pipani, na nyingine, na nyingine, taratibu kama nilivyofundishwa. Ya kumwagia magunia sikuthubutu kuchota. Maji yalikuwa yamepungua birikani na hapakuwa na ya kurudishia. Nikasimama. Barafu ilikuwa ikinichuruzika mkononi, nimeilamba mara moja tu, tamu kama kitu ambacho hakina jina.

Nikapanda juu ya jiwe. Nikaiweka juu ya gunia, pale mdomoni mwa pipa, itakapoyeyuka ishuke pande zote. Nilijua sasa kwamba barafu haisikii baridi. Baba alinieleza, nami nilikuwa nimejionea kizingitini. Lakini ilikuwa imekaa pale juu peke yake, kwenye jua kali vile, ndogo. Nikainua ncha ya gunia, nikaifunika vizuri, nikaipigapiga ilale. Halafu nikashuka, nikakaa chini kando ya birika, nikailamba mikono yangu, nikangoja mpaka likaja.

To.